SOMO LA AFYA: UFA WA MFUPA WA PAJA USIOTOKANA NA AJALI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote, hasa wanaotunza wazee majumbani, wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini.

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili. Kwa kawaida hauvunjiki ila kwa ajali kubwa, au kwa mzee aliyeanguka, naye huvunjika aghalabu karibu na nyonga. Lakini tangu mwaka 2005 madaktari wameeleza mvunjiko wa namna nyingine: mfupa hukatika chini ya nyonga au katikati ya paja, hali mtu anatembea tu au anainuka kitini.

Sababu. Wengi wanaopatwa ni waliotumia kwa miaka mingi dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti, kama vile alendroneti. Wanaotumia pia prednisoloni kwa muda mrefu wamo katika hatari zaidi. Mfupa hujijenga upya daima: chembe hai moja huondoa sehemu iliyochakaa, na nyingine hujaza mpya. Dawa hizi huzuia uondoaji huo. Kwa hiyo mfupa haupungui, lakini vijiufa vya kila siku huweza kubaki bila ya kuzibwa, hasa upande wa nje wa paja.

Dalili. Maumivu ya paja au kinena, yanayozidi kwa kutembea, huweza kutangulia kwa wiki au miezi kabla mfupa haujakatika. Yasidhaniwe kuwa ni uzee tu au baridi yabisi, yakaishia kukandwa.

Uchunguzi. Hupigwa picha ya eksirei ya paja zima, kutoka nyonga hadi goti, kwa miguu yote miwili. Kwani mguu wa pili huweza kuwa na ufa hata usipouma. Picha huonyesha ganda la nje la mfupa limevimba mahali pamoja, na pengine mstari unaoukata mfupa kwa upana. Picha ikiwa safi na maumivu yakaendelea, kipimo cha MRI huweza kuufichua ufa mapema.

Tiba.
(1) Daktari husimamisha dawa hiyo, na kuhakikisha mgonjwa anapata kalsiamu na vitamini D za kutosha.
(2) Ufa usiokamilika: mgonjwa hutumia magongo ili asiuelemee mguu. Maumivu yasipokoma, huwekewa chuma kirefu ndani ya mfupa kabla haujakatika.
(3) Mfupa uliokatika: hufanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma hicho. Kupona huchelewa, na huweza kuchukua miezi mingi.

Tahadhari. Mtu asiache dawa kwa hofu bila ya kumwona daktari. Mvunjiko huu ni wa nadra, na dawa hizi huwakinga watu wengi zaidi na kuvunjika nyonga kuliko wanaodhurika nazo. Aliyekwisha kumeza dawa miaka 5, au kudungwa sindano zake miaka 3, amuulize daktari kama aendelee au apumzike.

Anayetumia dawa hizi akaumwa na paja bila ya kuanguka asingoje. Aende hospitali na dawa zake mkononi, na amweleze daktari amezitumia tangu mwaka gani.