Risasi, Madini Joto na Mwanga Mweupe: Istilahi za Diodi za Perovskaiti kwa Msomaji wa Kolwezi

Makala hii inachunguza istilahi tatu anazohitaji mzungumzaji wa Kiswahili wa Kolwezi ili azielewe taa zinazotafitiwa sasa: diodi za mwanga mweupe zitengenezwazo kwa perovskaiti za halidi za metali. Nimechagua Kolwezi kwa kuwa ni mji wa shaba, na shaba imo katika utafiti huu. Katanga yenyewe iliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997.

Istilahi ya kwanza ni halidi, yaani metali iliyoungana na klorini, bromini au iodini. Chumvi ya mezani ni mojawapo. Kwa hiyo napendekeza mwalimu aanze na "chumvi ya metali", ndipo alete halidi. Perovskaiti ni jina la madini yaliyotambuliwa katika milima ya Ural mwaka 1839. Leo hutaja pia kampaundi zote zenye mpangilio wa atomi kama wa madini hayo.

Ya pili ni risasi. Perovskaiti nyingi zinazong'aa vizuri maabarani zina risasi. Kolwezi, mji ulioona vita mwaka 1978, neno hili huleta bunduki kabla ya metali. Hili si suala la mtindo tu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na huko Kabwe, Zambia, mgodi uliofungwa 1994 umeacha udongo wenye sumu hiyo. Onyo lisemalo "taa hii ina risasi" linaweza kumpita msomaji. Tuandike "metali ya risasi", na sumu itajwe papo hapo.

Ya tatu ni madini joto, jina la iodini lililozoeleka Tanzania kwenye pakiti za chumvi. Mwaka 2018 watafiti wa Tokyo, akiwemo Hideo Hosono, walieleza chumvi ya sesiamu, shaba na iodini inayotoa mwanga wa buluu bila metali ya risasi. Kwa mpangilio wa atomi si perovskaiti kamili, bali ni jamaa yake. Chumvi nyingine ya elementi hizohizo, kwa uwiano tofauti, hutoa mwanga wa manjano. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho huona weupe. Hapa "madini joto" lingepotosha: msomaji angedhani mwanga unatokana na joto, kama katika balbu ya waya. "Iodini" linatosha.

Naleta sentensi moja ijaribiwe darasani: "Umeme ukipita katika chumvi mbili za shaba, moja hutoa mwanga wa buluu na nyingine wa manjano, nasi tunaona mweupe." Mchimbaji wa Kolwezi ataielewa bila kamusi, na shaba aijuayo itabaki shaba.