Haki ya Kutengeneza Kitu Chako

Somo la leo naanzia nyumbani kwetu Nyarutarama, mtaa wa Kigali unaojulikana kwa nyumba zake kubwa na uwanja wake wa gofu. Si kila akaaye hapa ni tajiri. Mama yangu ni mshonaji, na simu yake ndiyo duka lake: kwayo hupokea maagizo na malipo.

Mwaka jana simu ile ilianza kuzimika kila baada ya saa mbili. Tukaipeleka dukani iliponunuliwa. Karani aliitazama tu, akasema, "Hii haitengenezeki, mama. Nunua nyingine." Nyingine ilikuwa faranga 180,000, na mama hakuwa nazo. Basi tukaenda kwa fundi wa kando ya barabara. Aliipasha moto kidogo ili gundi ilainike, akaifungua, akatia betri mpya kwa faranga 15,000. Simu ikapona. Lakini tangu siku ile huonyesha maneno ya kuonya kwamba betri hiyo haitambuliki. Mama akaniuliza, "Je, simu hii ni yangu au ni yao?"

Swali hilo ndilo somo letu. Betri ya lithiamu huchoka kidogo kila inapojazwa umeme. Ikisha kujazwa mara 500 hivi, mara nyingi hubakiwa na asilimia 80 tu ya nguvu zake za kwanza. Kuchoka kwake si ajabu, kama vile si ajabu soli ya kiatu kulika. Ajabu ni kuzuiwa kuibadili. Huzuiwa kwa njia nne: kufunga kwa gundi, kutouza vipuri, kuficha michoro ya ufundi, na kutia programu inayokataa kipuri kisichotoka kiwandani.

Wenye viwanda husema kwamba wanajali usalama, kwa maana betri hiyo ikitobolewa huweza kuwaka. Hayo ni kweli. Lakini dawa yake ni kumfundisha fundi na kumwuzia betri njema, wala si kumfungia mlango.

Nchi nyingine zimekwisha anza kutunga sheria. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walikubali sheria ya kuwapa mafundi wote wa magari maarifa yale yale wapewayo mafundi wa kampuni. Januari 2021, Ufaransa ilianza kutaka simu, televisheni na mashine za kufulia ziuzwe zikiwa na alama, kati ya 10, ya wepesi wa kutengenezwa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba vyombo kadhaa vitengenezwe na kiwanda kwa bei ya haki, hata muda wa dhamana ukiisha.

Kwetu Rwanda, kiko kiwanda Bugesera kinachoshughulikia vyombo vya umeme vilivyotupwa. Ni kazi njema, lakini heri kutengeneza kabla ya kutupa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi yafaa, kabla ya kununua, tuulize: vipuri vyapatikana? Nani aweza kukifungua?

Maswali
1. Taja njia nne za kumzuia fundi.
2. Mama angejibiwaje? Toa sababu zako.