Dondoo muhimu: Kabla hujapeleka gemu zako dukani

Umemaliza gemu na diski imebaki kukaa kabatini. Duka litaichukua, lakini kwa bei ya chini, maana mwenye duka naye lazima apate faida akiiuza tena.

• Wahi. Gemu za mpira hushuka bei haraka kwa kuwa toleo jipya hutoka kila mwaka. EA Sports FC 25 ilipotoka Septemba 2024, FC 24 ikawa ya zamani papo hapo.

• Uliza bei mbili: ya pesa taslimu na ya kubadilishana. Maduka kama GameStop ya Marekani hukupa thamani kubwa zaidi ukichukua bidhaa badala ya pesa.

• Kagua diski. Igeuze kwenye mwanga uone michubuko, ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, kisha irudishe kwenye kasha lake.

• Gemu ya kupakua haiuziki. Imefungwa kwenye akaunti yako. Ukipenda kuuza baadaye, nunua ya diski.

• Ukimuuzia mtu, kutaneni penye watu, aijaribu kwenye mashine, na angalia salio lako la pesa kwenye simu kabla ya kumkabidhi. Usiamini ujumbe wa malipo peke yake, kwani hughushiwa.

Kwa ufupi: gemu mpya inayotafutwa, muuzie mchezaji mwenzako. Rundo la gemu za zamani, peleka dukani ubadilishe, uokoe muda wako.