"LOOK FORWARD TO": MSTARI WA MWISHO WA BARUA



Sisi wa kalasi ya mwisho tunaandika barua nyingi siku hizi: kuomba kazi, kuomba nafasi ya masomo Kampala ao Dar es Salaam. Na hapa Salamabila, tangu kampuni Banro ya Kanada ilipoanza uzalishaji wa dhahabu wa kibiashara kule Namoya mwezi wa Januari 2016, ingawa baadaye iliachia mgodi ule, hakuna wa kusema tena Kiingereza ni lugha ya mbali.

Barua yenyewe inaharibika wapi? Mara nyingi ni kwenye mstari wa mwisho. Kichwani tuna Kifaransa, "J'attends votre réponse", basi tunaandika "I wait your answer". Hiyo si Kiingereza. Wenyewe wanaandika: "I look forward to hearing from you."

"Look" peke yake ni kutazama. Ukiongeza "forward" na "to", inakuwa kutazamia. Sisi tunafanya kazi hiyo kwa mkia mdogo tu: tazama, tazamia. Kwa hiyo anayeandika "I look forward your letter" amekata mkia.

Sasa shida kubwa: kwa nini "hearing", si "hear"? Tulifundishwa "I want to hear", "I hope to hear". Mtu akiona "to", mara moja anatia "hear". Kumbe "to" ziko mbili! Na hapa Kiswahili chetu ndicho kinatudanganya, maana "kusikia" ni kitendo na ni jina pia. Tunasema "nataka kusikia", tunasema tena "kusikia kwa mzee kumepungua". Neno ni lilelile. Kiingereza kinatenga: "hear" ni kitendo, "hearing" ni jina, na "to" ya "look forward to" inataka jina. Ujaribu hivi: tia "your letter" nyuma ya "to". "I look forward to your letter": inakubali. "I want to your letter": inakataa kabisa. Pale inapokubali, andika -ing.

Ni vilevile kwa "I am used to walking", yaani nimezoea kutembea. Lakini "I used to walk" ni jambo lingine: zamani nilikuwa nikitembea, leo hapana.

Tena, neno hili lina furaha ndani yake. Sisi tunaweza kutazamia hata taabu. Lakini ukimwandikia mfiwa "I look forward to the funeral", atasema unafurahia kifo cha baba yake!

Kwa rafiki unaweza kuandika "I'm looking forward". Kwa mkubwa wa kazi, "I look forward".

Zoezi. Sahihisha, halafu mniletee madaftari kabla ya Ijumaa:
I look forward to meet you.
We look forward your visit.
My sister is used to get up at five.

Kapita wa kalasi ya mwisho