SOMO LA WIKI: Bwawa la samaki Kaliua, hesabu ianzie kwenye maji yanayotoka

Mfanyabiashara anayetaka kufuga samaki wilayani Kaliua kwa kawaida hufanya hesabu nne: gharama ya kuchimba bwawa, bei ya vifaranga, bei ya chakula na bei ya kilo sokoni. Hesabu ya tano huachwa, nayo ndiyo inayoweza kuufunga mradi. Hesabu hiyo ni ya maji machafu: yatatoka lini, yataelekea wapi, na yatakuwa na hali gani yakifika mtoni.

Kaliua ni stesheni ambako reli ya Mpanda inaachana na ile ya Kigoma, katika nchi iliyopitiwa na misafara ya zamani kati ya Tabora na Ujiji. Maji ya mito ya Igombe na Ugalla huishia Malagarasi, na Malagarasi humwaga Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovosi iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2000, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania. Kwa hiyo uchafu unaotoka kwenye bwawa la mtu mmoja unakwenda kwenye maji ambayo wavuvi wengine wanayategemea.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na kibali kingine cha kutiririsha majitaka. Kwa Kaliua, mwombaji anakwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2007 ziliweka vikomo vya majitaka. Kwa kila lita, chembe zinazoelea zisizidi miligramu 100. Oksijeni inayoliwa na uchafu kwa siku 5 isizidi 30. Fosforasi isizidi 6. Na nitrojeni ya amonia pamoja na ya mabaki ya viumbe isizidi 15. Mwombaji ahakikishe vikomo vinavyoandikwa kwenye kibali chake mwenyewe, kwani hivyo ndivyo atakavyopimwa navyo.

Hesabu ya bwawa moja

Mfano ni bwawa la mita 30 kwa 20, lenye kina cha wastani cha mita 1. Linabeba mita za ujazo 600. Likipandwa perege 1,200, wakavunwa 1,000 wenye gramu 250 kila mmoja, mavuno ni kilo 250. Ikiwa kila kilo ya samaki imetumia kilo moja na nusu ya chakula, kilichotumika ni kilo 375.

Chakula chenye protini asilimia 30 kina nitrojeni karibu kilo 18 katika kilo hizo 375. Samaki wanaovunwa wanaondoka na kilo 6 hivi. Kilo 12 zinabaki bwawani. Kama zote zingekaa ndani ya maji, kila lita ingekuwa na miligramu 20, yaani zaidi ya kikomo cha 15. Kinachomwokoa mfugaji ni bwawa lenyewe: sehemu ya nitrojeni inashuka kwenye tope, nyingine inaliwa na mwani, nyingine inapotea hewani. Lakini hatari inarudi siku ya kukausha bwawa. Maji ya juu hutoka yakiwa na nafuu, ila sehemu ya tano ya mwisho hukokota tope, nayo ndiyo chafu kuliko yote.

Bwawa la kutuamisha

Sehemu hiyo ya tano ni mita za ujazo 120. Shimo la mita 20 kwa 6, kina mita 1, linatosha kuipokea yote. Liwe chini ya mabwawa ya kufugia ili maji yateremke yenyewe, liwe nje ya njia ya mafuriko, na maji yaingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Yakikaa humo saa 8 au usiku kucha, sehemu kubwa ya chembe inatua. Kisha maji ya juu yanatolewa polepole kwa bomba lenye elbo inayoweza kulazwa kidogo kidogo.

Kutuamisha hakuondoi amonia iliyokwisha kuyeyuka. Dawa yake ni kuyapeleka maji hayo kwenye bustani ya mboga au mahindi badala ya mtoni. Tope likikauka nalo ni mbolea ya mahindi. Lisitupwe ovyo kwenye tumbaku, kwa sababu nitrojeni ikizidi jani huchelewa kuiva na ubora wake hushuka.

Gharama inagawanyika

Kwa mwenye bwawa moja, mita 120 za ziada juu ya 600 zinaongeza kazi ya kuchimba kwa asilimia 20. Hapo ndipo wengi wanapoliruka. Lakini wafugaji watano wenye mabwawa ya ukubwa huo mahali pamoja, wakipeana zamu za kukausha, wanatosheka na shimo moja. Kwa mita 3,000 zao, nyongeza ni asilimia 4 tu.

Njia nyingine ya kuokoa fedha ni kuvuna kwa kokoro bila kukausha, na maji yaleyale yakatumika kwa msimu unaofuata. Hili lina uzito zaidi kati ya Juni na Oktoba, mvua zinapokuwa hazipo na mito ya Kaliua kupungua sana. Maji machafu yakiingia mtoni wakati huo hayapati maji ya kutosha ya kuchanganyika nayo, na kipimo kinaweza kumkamata mtu ambaye masika angepita.

Anayeombwa kuweka fedha katika mradi wa samaki aombe kwanza aonyeshwe mchoro. Kama mchoro unaonyesha maji yanakoingilia na hauonyeshi yanakotokea, makadirio ya faida aliyopewa bado hayajakamilika.