Kirangozi Hatembei Peke Yake: Somo kwa Walimu wa Kwaya na Wanakwaya



Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa hadi Ujiji. Katika misafara ya Wanyamwezi alitangulia kirangozi, aliyeongoza njia na mwendo. Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa mwaka 1857, aliandika kwamba mpagazi aliyemtangulia kirangozi alitozwa faini. Hata hivyo mamlaka hayo yalikuwa na mpaka: wapagazi wakiona wameelemewa au posho imepungua, waliweza kutua mizigo, na safari ikasimama.

Wanakwaya wetu hawalipwi chochote. Wao hawatui mzigo kwa kelele. Wanaacha tu kuja mazoezini.

Tuliyaona hayo katika parokia moja tulikokuwa kwa kazi ya kichungaji. Mwalimu wa kwaya alitunga wimbo wa sikukuu ya somo wa parokia. Akina mama wa sauti ya kwanza walisema uko juu mno. Akajibu, "Mwalimu ni mmoja." Siku ya sikukuu walisimama waimbaji tisa.

Baadaye kamati ikageukia upande wa pili: kila jambo lipigiwe kura. Mazoezi yakawa mikutano. Tena ukapita ubeti uliomwomba Mama Maria atusamehe dhambi, kana kwamba yeye ndiye mwenye kusamehe. Mwalimu aliona kosa, akanyamaza kwa kuwa ubeti ulishinda kwa kura. Paroko ndiye aliyeuondoa, na aliyeutunga akaona ameaibishwa.

Kosa la kwanza lilifukuza watu. La pili liligusa imani. Kanisa linatufundisha nini?

Katika Matendo ya Mitume 15, swali la watu wa mataifa lilijadiliwa sana. Petro alisema, Barnaba na Paulo wakasikilizwa, ndipo Yakobo akatoa shauri lake. Uamuzi ulifikishwa Antiokia kwa barua, pamoja na watu wa kuueleza kwa mdomo. Naye Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3 ya Kanuni yake, anamwagiza abati aite ndugu wote kwenye jambo zito, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Baada ya kusikiliza, abati ndiye anayeamua.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, unatuonyesha mipaka. Namba 121 inataka maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho ya Kanisa; hilo halipigiwi kura. Namba 114 inataka waamini wote waweze kushiriki, na namba 119 inaheshimu muziki wa asili wa watu. Hapo mwalimu hawezi kujua yote bila kuwauliza waimbaji.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, mwalimu aseme mapema yapi yamekwisha kuamuliwa na yapi yako wazi. Maneno yapitiwe na paroko au kamati ya liturujia kabla ya mazoezi, ili asiaibike mtu mbele ya wenzake. Pili, kimo cha sauti, ngoma na saa za mazoezi vijadiliwe na wote, na wanyamavu waulizwe kwanza. Tatu, mwalimu aamue kwa siku iliyotajwa na kutoa sababu. Nne, wanakwaya, baada ya kusikilizwa, waimbe kwa moyo hata kama shauri lao halikuchukuliwa. Kununa nako ni kutua mzigo.

Maswali ya kutafakari:
1. Nani ameacha kuja kwenye kwaya yetu, na tulimuuliza kwa nini?
2. Ni jambo gani tunaliamua peke yetu, ingawa ni la wote?
3. Ni kosa gani tunaliacha lipite kwa kuogopa kulaumiwa?

Mtakatifu Sesilia, utuombee.