Damu Inayodondoka: Saratani ya Mbwa na Kinga ya Mwili

Kwa wenye mbwa wa Skuta na miji jirani

Mbwa akidondosha damu sehemu za siri wiki baada ya wiki na kujilamba kila mara, usikimbilie kusema yuko kwenye joto. Dume hana joto. Mchunguze: ukiona kinyama chekundu kilichochomoza kama koliflawa, huenda ni saratani ya kuambukizana, inayowapata zaidi mbwa wanaozurura. Wengine huota uvimbe puani na kupiga chafya za damu.

Ugonjwa huu hauletwi na virusi. Zinazohama ni seli zenyewe za saratani, mbwa wanapopandana, kunusana au kulambana, na zote ni kizazi cha mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Seli za mbwa mwingine kwa kawaida hukataliwa na mwili. Hizi huficha alama ambazo kinga hutumia kumtambua mgeni. Binadamu haambukizwi.

Tiba yake ni vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, aghalabu wiki 4 hadi 6. Mbwa wengi hupona kabisa. Watafiti wameona kwamba baada ya sindano, seli za kinga humiminika ndani ya uvimbe, na pale zinapoingia kwa wingi ndipo uvimbe huyeyuka. Dawa huamsha kinga, kisha kinga humaliza kazi. Kwa hiyo mlishe vizuri na mpe dawa ya minyoo. Kukata uvimbe peke yake hakutoshi. Mara nyingi hurudi.

Kwa saratani nyingine, kuamsha kinga ndiyo tiba yenyewe. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha kikamilifu chanjo ya saratani nyeusi ya mdomoni mwa mbwa. Hupewa mbwa anayeugua tayari, ili mwili wake ujifunze kuzishambulia seli hizo. Ukiuziwa "dawa ya kinga", muulize daktari jina lake na ni ya saratani ipi.

Tunakusihi usimtupe mbwa mgonjwa. Ukimwacha kando ya barabara ya Mweiga, umepeleka ugonjwa Mweiga. Wala usinunue vinkristini ukamdunge nyumbani: ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, na hupunguza chembe nyeupe za damu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, mfungie uani hadi apone, kisha ahasiwe. Uvimbe ukitoweka baada ya sindano ya pili, endelea na zilizobaki hadi daktari aseme basi.